Mti wa Shangazi Kavata Haukatwi

Mwaka umetimia leo, Shangazi Kavata, tangu ulipofumba macho katika chumba cha mbele, dirisha likiwa wazi, mvua ya masika ikipiga juu ya makuti, na wewe ukilalamika kwamba hakuna aliyetoa ndoo nje kukinga maji. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yako ya mwisho, na hatutayapamba. Wengine huaga kwa wosia na baraka. Wewe uliaga kwa ndoo. Tulikwenda kuitoa, na tuliporudi ulikuwa umekwisha kutuacha.

Tumeibandika kumbukumbu hii ukutani kwa Chome, pale panapobandikwa matangazo ya mnada wa ng'ombe, kwa sababu kila mtu wa Shimba hupita dukani hapo, awe anataka chumvi au anataka habari tu. Chome ameahidi kumsomea kwa sauti asiyejua kusoma. Amenung'unika pia kwamba karatasi zetu ni nyingi na zimefunika tangazo lake la mafuta ya taa. Tumemwambia avumilie. Tunazo sababu za kuandika kwa kirefu, na mojawapo ina jina: shemeji yako, Mzee Ndambuki.

Shikamoo, Mzee Ndambuki, popote uliposimama ukisoma. Subiri kidogo. Tunazungumza na Shangazi kwanza.

Shangazi, ulikuja huku kutoka bara kabla ya Uhuru, kumfuata mumeo Kimeu aliyekuwa amepata shamba la makazi. Mzungu uliyekuwa ukimtunzia bustani kule Limuru alikuwa anafunga mizigo arudi kwao, akawagawia wafanyakazi vitu vya nyumbani. Mpishi alipata baiskeli. Dobi alipata saa ya ukutani. Wewe ulipoulizwa unataka nini, ulinyoosha kidole kwenye makopo mawili yenye miche. Kimeu alikuja kukupokea Mombasa, stesheni ya gari la moshi, akiwa amekodi mkokoteni mzima. Akatazama makopo, akatazama nyuma yako, akauliza, "Mke wangu, kitanda kinakuja na gari la pili?"

"Kitanda utachonga," ukamwambia. "Hii huwezi kuchonga."

Alichonga, maskini, na kitanda chenyewe kilipiga kelele miaka yote, lakini miche ilifika Shimba ikiwa hai.

Ulikuja pia na Kiswahili cha kufundishwa njiani. Mtu mmoja ndani ya gari la moshi alikuambia kwamba watu wa pwani ni watu wa adabu na kwamba salamu yao ni shikamoo. Hakukuambia inakwenda kwa nani. Ukalishika neno hilo kwa mikono miwili. Ukawaamkia wazee, ukawaamkia vijana, ukamwamkia mtoto mchanga aliyefungwa mgongoni mwa mama yake. Watoto wa njiani waligundua mapema, wakawa wanapanga mstari asubuhi kukungojea.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu, hujambo?" wanakujibu, meno yote nje.

Ulipokuja kuambiwa ukweli hukuacha. Ulisema, "Kwani heshima ni unga, kwamba itaniishia?" Watoto wale sasa wana ndevu, na wawili wao walibeba jeneza lako.

Dama peke yake hakukucheka. Yeye alikuwa ameteremka kutoka Samburu ya Waduruma na mbuzi wake, mgeni kama wewe, akakujibu, "Nami nakuamkia, dada," na kwa jibu hilo moja ukampa mche wako wa pili. Ulisema kule Limuru miti hii hupandwa miwili, kwa sababu mmoja ukiwa peke yake unatoa maua, lakini hauzai. Kwako na kwa Dama panatenganishwa na njia ya miguu tu. Ukapanda mmoja uani kwako, na mwingine ukapandwa uani kwake.

Jina lake ni fijoa. Jani lake juu ni kijani na chini lina weupe wa fedha, upepo ukipita mti mzima unabadilika rangi. Jina hilo halikuingia katika kinywa cha mtu yeyote hapa, kwa hiyo watu wakauita mpera wa Kavata, na ukakubali. Walisema pia ni mti wa baridi, hautamaliza kiangazi. Ulizungushia shina makumbi ya nazi, ukaujengea kibanda cha makuti ili jua lisiutafune, ukawa unaumwagia maji ya kuoshea vyombo, na juu ya yote hayo ukawa unausemesha. Mimi Mutunga, mtoto wa kaka yako, uliponichukua nije nisome sekondari huku, nilidhani siku ya kwanza kuna mgeni nyuma ya nyumba. Nikachana nywele, nikaenda kumsalimu. Nikakukuta unauliza mti kama umelala vizuri.

Nilikucheka wiki nzima. Hukukasirika. Ulinipa ndoo.

Mche wa Dama haukupata bahati. Mbuzi mmoja aliukuta, akaula wote akabakisha kijiti. Ulimfunga kamba yule mbuzi ukampeleka wewe mwenyewe kwa Dama, na mazungumzo yenu yalisikika hadi barabarani.

"Hodi, Dama. Nimekuletea mgeni wako. Ameshiba."

"Ole wangu! Ameula mche?"

"Ameula, na anacheua mbele yangu kama kwamba amealikwa."

"Basi mchinje, dada. Ni haki yako."

"Nikimchinja nitakuwa nami nimeula mti wangu. Weka miiba pande zote. Kijiti kina mizizi bado."

Dama aliweka miiba mingi kiasi kwamba yeye mwenyewe alipoteza kanga mbili humo ndani. Kijiti kikachipua, taratibu, kama mtu aliyeamshwa kabla ya kushiba usingizi.

Wa kwako wakati huo ulikuwa umekwisha kuwa mti. Ukatoa maua, na maua yake tuliyajua kwa ulimi kabla ya kuyajua kwa macho, kwa kuwa ulitulisha: yale majani meupe manene ya ua, matamu kama sukari guru. Lakini maua yakaanguka, na nyuma yake hapakubaki kitu. Msimu wa pili hivyo hivyo. Kimeu akafariki, Mungu amrehemu, na mti bado haujazaa. Wewe nawe hukuwa umejaliwa mtoto, na jambo hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema mbele yako. Isipokuwa mmoja.

Ilikuwa Krismasi, uani kwako, watu wamekula. Mzee Ndambuki akautazama mti, akakutazama wewe, akasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Mwenye nyumba tasa, na mti tasa. Shamba la kaka yangu limekosa bahati."

Hata mbuzi wa Dama walinyamaza, na wale hawanyamazi kanisani.

Ulisema, "Shemeji, mti huu si tasa. Uko peke yake, unamngoja mwenzake. Nikuongeze chai?"

Akaongezwa chai. Akanywa. Nami nikakuona baadaye ukikiosha kikombe kile, ukikisuuza, ukikiosha tena, mpaka nikakuondolea mkononi. Shangazi, wewe uliyekuwa na jibu la kila kitu! Siku ile nilijifunza kwamba mtu anaweza kujibu vizuri na bado akawa ameumia.

Halafu mti wa Dama nao ukatoa maua. Ndege kwezi wakawa wanakula majani ya maua ya huku, wanavuka njia, wanakula ya kule, wanarudi na vifua vya njano kwa vumbi la maua. Na nyuma ya maua ya mti wako, kwa mara ya kwanza, pakabaki vitunda. Ulinituma nimwite Dama. Alikuja mbio akidhani umeumwa na nyoka. Mlisimama chini ya mti, mmeshikana mikono, mkitazama kitu kilichokuwa na ukubwa wa punje ya mbaazi, na mkalia. Nilicheka nikalia, vyote pamoja, na sitaki mtu aniulize.

Sasa, Mzee Ndambuki, tumekufikia. Hii sehemu Chome asome polepole.

Matunda yalipokuwa makubwa kama mayai ya bata, Shangazi, shemeji yako alikuja asubuhi moja na gunia. Akasema mti umesimama kwenye shamba la kaka yake, kwa hiyo mazao ni ya ukoo, na kwamba hoteli ya Diani itayanunua kwa kugombania. Akachuma nusu ya mti. Yalikuwa kijani, magumu, naye kwa kuwa ni mtu wa akili akayavumbika shimoni pamoja na majani ya mgomba, kama tunavyovumbika ndizi, akangoja yageuke njano. Fijoa haigeuki njano. Inaiva ikiwa kijani na kuoza ikiwa kijani. Alipofukua, nusu yalikuwa mawe na nusu yalikuwa uji, naye akachagua mawe akayapeleka Diani juu ya baiskeli.

Yaliyotokea huko tunayajua kwa sababu Kibwana wa Majoreni, anayetuletea papa mkavu, alikuwa mlangoni pa jiko la hoteli siku hiyo na mzigo wake. Mpishi alichukua moja, akauma, akalitoa mdomoni akalitazama. "Mzee," akasema, "haya ni ya kula au ni ya kusugulia miguu?"

Kibwana aliisimulia habari hiyo kuanzia Msambweni hadi Kikoneni. Samaki alisahau kuuza.

Wewe hukucheka. Mimi nilicheka kwa niaba ya nyumba nzima. Ulimwambia tu, "Shemeji, ungeniuliza. Tunda hili halichumwi. Linashuka lenyewe, na likishuka ndiyo limeiva."

"Na likishuka nikiwa nimelala?"

"Litaokotwa na aliyeamka."

Ndipo lilipotubainikia sote jambo ambalo hata wewe hukulipigia hesabu. Kwetu hapa, kama kila msomaji ajuavyo, embe likiwa mtini lina mwenyewe, na ukipanda kulichuma bila ruhusa wewe ni mwizi. Likianguka, ni la aliyeinama. Hakuna mwenye mwembe anayegombana na mtu kwa embe la chini. Sasa mti wako hauliki mpaka tunda lianguke, na likianguka si lako tena. Dama alikaa akalifikiri jambo hilo, akapiga makofi.

"Kavata, umepanda mti wa watu! Juu halifai, chini si lako. Wewe umebaki na nini?"

"Nimebaki na wanaoinama," ukamjibu. "Kila aliyeokota hapa ni mtu wangu. Apende asipende."

Basi tukaamka asubuhi tukakuta ua umejaa watu wako. Watoto wa shule, wanawake waendao kisimani, mafundi, mpaka ndovu mmoja aliyetoka msituni tukamkuta kwenye ua ananusa chini kama bwana afya. Uliwasukia vikapu, maana mikono yako haikujua kukaa bure. Kila mwanamke wa njia ile ana kiondo chako. Ulikuwa na sharti moja tu: ule utakavyo, lakini moja uache kwa mbegu. Ukazikamua ndani ya kitambaa, ukazianika juu ya jivu, ukazipanda kwenye makopo, na mtu aliyeokota mara nyingi alijikuta anarudi nyumbani na mche kwapani, na wewe nyuma yake ukimpigia kelele kuhusu mbuzi.

Ulizikwa karibu na mti, kama ulivyotaka. Na udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka, Shangazi, nasema haujakauka, Mzee Ndambuki alipoweka mkono kwenye shina la mti na kusema, "Hapa nitapanda mikorosho. Marehemu hakuwa na mtoto. Nani atamkumbuka? Ukipita mwaka mmoja mtakuwa mnaulizana hata jina lake lilikuwa nani."

Dama alitaka kumpiga na kiatu. Tulimshika. Wazee wakakaa, wakasikiliza pande zote, wakaamua hivi: mti usiguswe mwaka mmoja. Mwaka ukitimia, wote wanaomkumbuka Kavata wajitaje kwa majina. Wakijitaja, mti ubaki wao. Wasipojitaja, mti ni wa Ndambuki na shoka lake.

Mwaka umetimia. Wazee wanakaa Jumamosi hii. Tunasikia shoka limetiwa mpini mpya.

Shangazi, ulizoea kuniambia kwamba kidato cha nne changu kitakuja kufaa kwa jambo moja, na kwamba hujui ni lipi. Ni hili. Nimeshika kalamu, najitaja, na ninawataja wenzangu, kila mmoja kwa ruhusa yake.

Nakukumbuka mimi, Mutunga, ninayelala kwenye kitanda cha Kimeu na kelele zake. Nakuambia mti umelala vizuri. Ndiyo, nauliza kila asubuhi. Waliosikia wasicheke.

Anakukumbuka baba yangu, kaka yako, ambaye ametuma salamu kutoka Machakos na kusema kwamba ulimpiga mlipokuwa wadogo na bado hajalipiza.

Anakukumbuka Dama, dada yako wa ng'ambo ya njia. Amesema jina lake liandikwe kubwa. Tumekataa, kwa kuwa ukuta ni wa Chome, lakini Jumamosi atakuja na mbuzi wote, na anasema atakayeinua shoka apite kwanza katikati yao.

Anakukumbuka Kanze, binti wa Dama, aliyejifungua mwezi uliopita. Mtoto ni msichana, anaitwa Kavata. Watu wa ukoo wao walishangaa, jina la Kikamba kwa mtoto wa Kiduruma, Kanze akawaambia wazoee. Kwa hiyo, Mzee, ile habari ya kuulizana jina la marehemu lilikuwa nani imekwisha. Jina lenyewe linalia hapo ng'ambo na linataka kunyonya.

Anakukumbuka Kibwana wa Majoreni. Mche wake umekataa kabisa joto la huko, una majani machache tu, lakini anaumwagilia kila jioni na kusema utazaa Inshallah. Wanakukumbuka watoto wa shikamoo, wenye ndevu sasa. Anakukumbuka Chome, mwenye ukuta huu, ingawa anasema ni kwa sababu ya hasara ya mafuta ya taa.

Anakukumbuka Rispah, mke wa Mzee Ndambuki. Alikuja mwenyewe, mchana, mbele ya watu, akasema, "Niandike, wala usinifiche." Rispah ulimpa kopo miaka iliyopita, akapanda nyuma ya jiko lake, na ng'ambo ya ukuta wake jirani alikuwa na mwingine, kwa hiyo mti wake haukuwa mpweke. Msimu huu umezaa.

Na hapa, Shangazi, ndipo nilipoweka kalamu chini nikacheka mpaka machozi. Rispah anasema kila alfajiri anasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa polepole. Mtu anatoka. Mtu anainama chini ya mti. Jua likitoka, Rispah anakuta maganda ya fijoa yamekombwa ndani vizuri sana, yamefichwa chini ya majani ya mgomba, na kijiko cha chai cha mumewe kinanukia mapera.

Aliyeokota ni mtu wako. Apende asipende. Sheria uliitunga wewe, na hapa hatubagui.

Kwa hiyo jina la mwisho katika orodha ya wanaokukumbuka ni la shemeji yako, Mzee Ndambuki. Akitaka tulifute, aje Jumamosi mbele ya wazee, mbele ya mkewe, mbele ya mbuzi, aape kwamba hakuinama. Akishindwa kuapa, aliache shoka nyumbani aje na kile kijiko. Mti umeanza kuangusha. Matunda yapo ya kututosha sote.

Pumzika, Shangazi Kavata. Ndoo iko nje tangu jana, na imejaa. Mwaka wa kwanza umepita na hatujakusahau, wa pili tunauanza leo, na anayengoja tuchoke atangoja akiwa amesimama.